Erica Fiah na Gazeti la Kwetu: Sura Moja ya Historia ya Kiswahili cha Magazetini

Wilaya ya Ngara, ambamo Mugoma imo, yapakana na Burundi na Rwanda. Lugha ya Kihangaza isemwayo na wenyeji wengi wa huko ni ndugu wa karibu mno wa Kirundi. Na katika Kirundi mtu atakaye kutaja nyumbani kwao husema iwacu. Kaskazini ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya Buganda, Mganda husema ewaffe. Maneno haya mawili yana umbo moja: irabu ya mahali, kisha wa, kisha shina la kumiliki la nafsi ya kwanza, wingi. Mswahili husema kwetu. Naye atumia kiambishi ku- pale wenziwe watumiapo wa, lakini maana ni ile ile. Neno hili, ambalo mtoto hulijua mapema katika kila lugha ya Kibantu, lilipata siku moja kuwa jina la gazeti, na mtu aliyelichagua hakuwa mzaliwa wa pwani. Alikuwa Mganda, jina lake Erica Fiah, na gazeti lake, Kwetu, lilitoka mara ya kwanza mjini Dar es Salaam tarehe 18 Novemba 1937. Hilo ndilo gazeti la kwanza katika Tanganyika kumilikiwa na kuhaririwa na Mwafrika.

Wanahistoria wamekwisha kumpa Fiah mahali pake. John Iliffe alimtaja katika historia yake ya Tanganyika iliyotoka mwaka 1979, na N. J. Westcott aliandika makala nzima juu ya maisha yake mwaka 1981. Lakini katika historia ya lugha jina lake halisikiki sana. Historia hiyo aghalabu husimuliwa kwa njia mbili: njia ya washairi wa pwani, na njia ya kamati na kamusi. Maisha ya Fiah yaonyesha ya kuwa ipo njia ya tatu, nayo ni ya watu wa bara waliokikuta Kiswahili ukubwani, wakakitumia hadharani kudai haki. Kwa watu hao Kiswahili hakikuwa urithi wa mama wala somo la darasani tu. Kilikuwa chombo cha kazi.

Yafaa kwanza kuangalia hali ya magazeti kabla yake. Magazeti ya Kiswahili yalianza katika mikono ya misioni. Msimulizi lilitolewa Unguja na misioni ya UMCA tangu mwaka 1888. Wakati wa Wajerumani lilitoka Kiongozi, katika shule ya serikali mjini Tanga, na mwaka 1910 likafuata Pwani na Bara la Walutheri. Walipokuja Waingereza, serikali yao ilianzisha Mambo Leo mwezi wa Januari 1923, gazeti la idara ya elimu. Haifai kulidharau Mambo Leo. Lilisomwa mbali, lilipokea barua na mashairi ya Waafrika wengi, na kwa watu wengi wa bara lilikuwa kitabu cha kwanza cha Kiswahili baada ya kile cha shule. Walakini mwenye gazeti alikuwa serikali. Mwandishi wa barua aliweza kuomba, kushauri na kushukuru. Lakini neno la mwisho juu ya kitakachopigwa chapa halikuwa lake.

Zaidi ya hayo, Waafrika waliojua kuandika vema walikuwa wengi wao katika kazi ya serikali: makarani, walimu, matabibu wasaidizi. Watu wa namna hiyo ndio walioanzisha African Association mjini Dar es Salaam mwaka 1929, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes akiwa katibu. Mtumishi wa serikali alipaswa kuuchunga ulimi wake, kwa kuwa mshahara wake, nyumba yake na uhamisho wake vilikuwa mikononi mwa yule yule ambaye angemlalamikia. Hapo ndipo ilipo tofauti ya Fiah. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyomleta Tanganyika. Baada yake alifanya kazi ya ukarani, kisha akaiacha, akafungua duka mjini Dar es Salaam. Mwenye duka aweza kufilisika, lakini hawezi kuhamishwa kwa amri. Duka lile, hata likiwa dogo, ndilo lililompa nafasi ya kusema.

Mwaka 1934 Fiah aliongoza kuundwa kwa chama kilichojulikana kwa Kiingereza kama African Welfare and Commercial Association, yaani chama cha hali njema na biashara ya Waafrika. Miaka ile ilikuwa ya mdororo wa biashara duniani kote. Bei za mazao zilikuwa zimeanguka, kazi zilikuwa haba, na katika miji biashara kubwa na ya kati ilikuwa mikononi mwa Wahindi na Wazungu. Fiah aliwataka Waafrika wafanye biashara zao wenyewe na kusaidiana katika shida. Alikuwa amesoma habari za Marcus Garvey, Mjamaika aliyewahubiria watu weusi wa Marekani na kwingineko kuwa wajitegemee na wajione taifa moja. Mafundisho hayo yaonekana wazi katika mwenendo wa Fiah: kwake umaskini wa Mwafrika haukuwa mkosi, bali ulikuwa matokeo ya mpango wa watu, na kwa hiyo uliweza kubadilishwa na watu.

Chama peke yake hakikutosha. Mkutano husikiwa na waliohudhuria. Karatasi yaweza kusafiri. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1928 ilimtaka mwenye gazeti aliandikishe na kuweka dhamana, sharti zito kwa mtu asiye na mtaji. Fiah alilitimiza, na Kwetu likaanza. Mwaka ule ule wa 1937, huko Bukoba, wakulima wa kahawa waliyapinga kwa nguvu masharti ya serikali juu ya kilimo chao. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini yalikuwa na asili moja: watu waliokwisha kuingia katika uchumi wa fedha, wakajua bei na kodi na mshahara, wasiwe na mahali pa kulisemea neno lao.

Sasa yafaa kulitazama jina la gazeti kwa jicho la sarufi. Mambo Leo ni jina la vitu: ni mambo, na ni ya leo. Ndani ya jina hilo hamna msemaji wala msemeshwaji. Kwetu ni jina la watu. Shina -etu lataka kuwapo kwa sisi, na sisi yataka mpaka. Aliye wetu yumo, asiye wetu yuko nje. Tena kiambishi ku- chataja mahali bila ya kupapima. Mtu akisema kwetu, msikizaji hana budi kuuliza, kwenu wapi? Je, ni nyumba, ni mtaa, ni kabila, ama ni nchi? Kiswahili chaacha swali hilo wazi, na katika Dar es Salaam ya mwaka 1937 uwazi huo ulikuwa na faida kubwa. Mzaramo, Mnyamwezi, Mmanyema na Mganda waliweza wote kulishika gazeti moja na kusema ni la kwetu, bila ya hata mmoja wao kuliacha kabila lake.

Jambo hilo lilimhusu Fiah mwenyewe kuliko watu wengi. Mpinzani aliyetaka kumnyamazisha angeweza kumwambia ya kuwa kwao ni Buganda, si Tanganyika. Kwa kulichagua jina hili alijibu kabla ya kuulizwa. Mipaka ile yenyewe ilikuwa michanga. Watu wa Bugufi, upande ule wa Mugoma, waliijua vizuri habari hii. Wajerumani walikuwa wakiitawala nchi yao pamoja na Urundi. Baada ya vita Ubelgiji ilipewa Ruanda na Urundi, na Bugufi ikabaki upande wa Waingereza. Hivyo watu wasemao karibu lugha moja walijikuta chini ya dola mbili, na mtu wa Bugufi akafanywa Mtanganyika kwa mstari uliochorwa na wengine. Kwa mtu wa namna hiyo, kama kwa Mganda aliyehamia pwani, kwetu ya siasa haikuwa ya kuzaliwa nayo. Ilibidi ijengwe, na ilijengwa kwa lugha ambayo haikuwa iwacu wala ewaffe.

Wakati huo huo Kiswahili kilikuwa kikisanifiwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ya nchi nne za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Kazi yake kubwa ilikuwa kuvipitia vitabu vya shule kabla ya kupigwa chapa, na kamusi zake zilitoka mwaka 1939 chini ya jina la Frederick Johnson. Kamati hiyo ilifanya kazi ambayo manufaa yake yaonekana hata leo. Lakini hapo ilipoundwa haikuwa na mjumbe hata mmoja Mwafrika. Swali lake lilikuwa: neno gani ni sahihi? Swali la mhariri wa gazeti dogo lilikuwa jingine: neno gani litaeleweka na kuli wa bandarini, na mwenye genge, na karani, kwa siku moja? Maswali haya si maadui. Lugha isiyo na kipimo haiandikiki mbali, na lugha isiyo na ugomvi wa watu wake haipati maneno ya utawala, ya haki na ya kazi. Kosa ni la wanahistoria wa lugha waliolihifadhi swali la kwanza na kulisahau la pili.

Isidhaniwe ya kuwa Fiah alikuwa mtu asiye na upungufu. Kwetu yake ilikuwa na mipaka mikali. Mfanyabiashara mdogo aliyeshindana na duka la Mhindi aliuona ulimwengu kutoka mezani pake, na palipo na mashindano ya biashara ni rahisi kumhesabu mtu wa jamii nyingine kuwa mkosaji, hata kama naye ni maskini. Na African Association, ambayo ingeweza kuwa mwenzake, hakupatana nayo vizuri. Ukali uliolifaa gazeti haukuifaa sana kazi ya kuunganisha vyama. Gazeti lake lilidumu hata mwaka 1951. Kwa gazeti lisilo na ruzuku ya serikali wala ya misioni, lililopita katika miaka 6 ya vita vya pili vya dunia, muda huo si mfupi.

Wengine waliishika kazi hiyo. Ramadhani Mashado Plantan alitoa Zuhra mjini Dar es Salaam. Na baada ya TANU kuundwa tarehe 7 Julai 1954 magazeti ya siasa yalizidi kupata nguvu. Mwaka 1957 lilianza Mwafrika, na mwaka uliofuata wahariri wake, Robert Makange na K. R. Baghdelleh, walifungwa gerezani kwa makosa ya uchochezi. Mwaka huo huo wa 1958 Julius Nyerere alishitakiwa kwa maneno yaliyotoka katika Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Mtu akiyapanga majina hayo kwa tarehe ataona mwendo wake: kutoka mambo, kwenda kwa sisi tusiotajwa jina, kisha kwa Mwafrika aliyetajwa, kisha kwa sauti ya chama.

Neno lenyewe halijachakaa. Mwaka 2008, ng'ambo ya mpaka wa Ngara, lilianza kutoka Burundi gazeti lililoanzishwa na Antoine Kaburahe, likiandikwa zaidi kwa Kifaransa, nalo liliitwa Iwacu. Mwanzilishi wake alikimbilia ugenini mwaka 2015. Mwandishi wake mmoja alitoweka mwezi wa Julai 2016. Wengine 4 walikamatwa mwezi wa Oktoba 2019, wakafungwa, nao hawakuachiliwa hata Desemba 2020, kwa msamaha wa rais. Msomi wa Mugoma asomaye magazeti ya pande zote mbili atalitambua jina hilo bila ya kufasiriwa.

Basi kazi iliyosalia kwa wanafunzi wa lugha ni kuyasoma matoleo ya Kwetu kama yasomwavyo mashairi: neno kwa neno, wakiangalia miundo ya Kiswahili cha watu wa bara, na hasa wakiangalia ni nani aliyehesabiwa, toleo baada ya toleo, kuwa mmoja wa wenye -etu.