Kope, Bunduki na Gazeti: Vichekesho vya Nyaraka za Ziwa Mweru

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuambia kwamba hata penye daftari, habari moja yaweza kuvaa kanzu tatu. Mtunza nyaraka hudhaniwa kuwa mtu mkavu, mwenye vumbi mabegani na kimya kinywani. Sisi twaona kwamba kazi yake ina vichekesho tele, na ushahidi wetu twautoa Chienge, kaskazini-mashariki mwa Ziwa Mweru nchini Zambia.

Tuanze na jina. Katika lugha kadhaa za Kibantu, neno mweru lenyewe maana yake ni ziwa. Basi asemaye "Ziwa Mweru" asema "Ziwa Ziwa", na ramani zimeandikwa hivyo bila haya. David Livingstone, aliyefika ziwani Novemba 1867, aliandika Moero. Chienge nayo, ambako Waingereza walijenga kituo mwaka 1891, yaonekana katika karatasi zao kwa jina la Chiengi. Karani asiyejua haya ataliweka ziwa moja katika majalada mawili, na mtafiti atarudi kwao akiamini kwamba maziwa ni mawili. Tena liko kweli la pili jirani, Mweru Wantipa, yaani ziwa la matope. Hapo ndipo kichwa cha karani kinapoanza kuuma.

Mwaka huohuo wa 1867, mfanyabiashara wa Unguja, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, alipigana na Nsama, mtawala wa Watabwa, katika nchi iliyo baina ya Mweru na Ziwa Tanganyika. Vita hivyo vimo katika madaftari mawili. Kwa Livingstone vilikuwa kero ya msafiri: njia ilifungwa, naye akakwama kwa zaidi ya miezi mitatu. Aandika pia kwamba Hamed alimpa mbuzi, kitambaa na shanga, akaomba radhi kwa uchache wa zawadi. Kwa Hamed mwenyewe, katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, vita vile ni ushindi mkubwa, na jina lake la Tippu Tip ati ni mlio wa bunduki zake. Wengine walisema jina hilo latokana na macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Lakini mtu anapojiandikia habari zake, ni nani atakayechagua kope na kuacha bunduki?

Habari hizo ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Heinrich Brode akazigeuza katika herufi za Kilatini, zikachapishwa Berlin miaka ya 1902 na 1903. Hivyo mwanafunzi wa Kijerumani aliweza kusoma chapani, kwa Kiswahili, habari za vita vya Nsama wakati Hamed angali hai. Alifariki mwaka 1905.

Kioja kikubwa zaidi chatoka Nyangwe, katika Kongo ya mashariki, mahali ambapo maji ya Mweru hupita baada ya kuingia mto Lualaba. Mwaka 1871 Livingstone aliishiwa na karatasi na wino. Akaandika juu ya kurasa za gazeti la London, akikatiza mistari ya chapa, kwa wino aliojitengenezea kwa mbegu za mmea. Wino ukafifia, chapa ikabaki nyeusi! Kwa zaidi ya miaka mia moja, habari kuukuu za London zilisomeka vizuri kuliko maneno ya msafiri. Mwaka 2011, wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walitoa maandishi hayo hadharani, baada ya kuzipiga picha kurasa zile kwa mianga ya rangi mbalimbali.

Hapo kicheko kikakatika. Kurasa hizo zina habari za mauaji ya watu sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, na imedhihirika kwamba maandishi ya awali yanatofautiana mahali kadhaa na yale yaliyochapishwa kitabuni mwaka 1874, baada ya Livingstone kufa. Baina ya gazeti na kitabu, maneno yalikuwa yamepigwa pasi.

Ndiyo maana twasema kichekesho cha nyaraka si mchezo. Anayecheka kwa kuona madaftari mawili yakibishana huanza kuuliza daftari la tatu liko wapi. Katika vita vya 1867 tunalo neno la mshindi na neno la mpita njia. Nsama na watu wake hawazungumzi katika karatasi hizo ila kwa vinywa vya wengine.

Basi, walimu wenzetu, tusiwape wanafunzi habari moja waikariri. Tuwape mbili zinazopingana, kisha tuwatume kwa wazee wakatafute ya tatu. Na zile barua za hati ya Kiarabu zilizomo masandukuni mwa babu zetu tuzisome mapema, maana mchwa huzipitia zote bila kuchagua, wala hamsimulii mtu alichokikuta.