Jembe na Trekta katika Uzigua

Wahenga walinena, "Mchagua jembe si mkulima." Hata hivyo historia yatufundisha ya kwamba mkulima asiyechagua huchaguliwa na wengine.

Miaka ya 1890 sotoka na njaa viliiharibu nchi ya Wazigua. Ng'ombe walikufa, watu wakatawanyika, vichaka vikafunika mashamba ya kale, na mbung'o wakaenea. Pasipo ng'ombe hapana plau. Ndiyo sababu huko Handeni jembe la mkono lilibaki peke yake, hata matrekta yalipokuja. Nako Korogwe, penye reli na mashamba makubwa ya mkonge, mashine zilisindika nyuzi, lakini majani yaliendelea kukatwa kwa mkono.

Nguvu za mashine zilijaribiwa sana Kongwa, katika Ugogo. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta mengi ili kulima karanga. Mizizi ikavunja vyuma, na udongo ulipokauka ukawa mgumu kama tofali. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na mamilioni ya pauni yakapotea.

Serikali yaweza kustahimili hasara kama ile. Mwenye ekari tatu hawezi. Trekta hulima kwa saa chache kazi ya siku nyingi, lakini halipalilii wala halivuni mahindi yake. Akilima kupita nguvu za nyumba yake, magugu humshinda, na ujira wa trekta humdai.

Basi mkulima akitujia kutaka shauri, yatupasa kumwuliza kwanza: mikono ya kupalilia ni mingapi?