Menyu ya Start: kabrasha tu

Juzi nilimwekea shangazi yangu programu niliyomwandikia ya hesabu za duka. Ilifanya kazi barabara, lakini kabla sijafika nyumbani simu ikalia. "Mwanangu, ile kitu yako iko wapi?" Simlaumu. Nilikuwa nimeiacha ndani ya makabrasha matano.

Swali lake ni la zamani. Kwenye Windows 3.0 ya mwaka 1990, programu zilikaa kwenye Program Manager, dirisha lenye vikundi vya picha ndogondogo. Kikundi hakikuingia ndani ya kikundi kingine, na madirisha yakizidi yanafichana. Mgeni hakujua aanzie wapi.

Tarehe 24 Agosti 1995 ikaja Windows 95 na kitufe kimoja chini kushoto: Start. Wengi wanakumbuka kitufe. Mimi nakumbuka kilichokuwa nyuma yake. Menyu ile ilikuwa kabrasha la kawaida kwenye diski, C:\WINDOWS\Start Menu. Kila programu uliyoiona humo ilikuwa faili ndogo ya .lnk, yaani njia ya mkato inayoonyesha programu ilipo. Weka yako, itatokea. Badilisha jina lake, menyu nayo inabadilika. Huombi ruhusa kwa aliyetengeneza programu. Kabrasha hilo limehama, ila bado lipo: bonyeza Windows+R, andika shell:programs, utaliona.

Upande wa Linux, Havoc Pennington alianzisha freedesktop.org mwaka 2000 ili GNOME, KDE na wenzao wakubaliane mambo ya pamoja. Mojawapo ni faili ya .desktop, ambayo ni maandishi matupu:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Shop Ledger
Name[sw]=Daftari la Duka
Exec=/home/duka/daftari

Ihifadhi kama daftari.desktop ndani ya ~/.local/share/applications, basi. Tazama ule mstari wa nne. Herufi sw ni Kiswahili: kompyuta ikiwekwa kwa lugha yetu, menyu inaonyesha jina letu.

Uhuru huu mtu hauoni mpaka unyang'anywe. Mwaka 2012 Windows 8 iliondoa kitufe na menyu, ikaleta skrini nzima ya vigae. Watu walilalamika sana. Kitufe kikarudi na Windows 8.1 mwaka 2013, menyu ikarudi na Windows 10 mwaka 2015. Anayepanga menyu ndiye anayeamua utaona nini kwanza, na watu hawakupenda kuamuliwa.

Kompyuta ya shangazi ni ya Linux, iko kwa Kiswahili. Nilirudi nikamwandikia mistari hiyo mitano. Kesho yake simu haikulia, nikapata wasiwasi, nikampigia mimi.

"Daftari? Nimeshafunga hesabu ya leo," akasema. "Wewe umekula?"

Haya, jaribuni na nyinyi. Tuonane tena.