Zulia, Mtoto na Nembo: Hisba katika Soko Lililovuka Mipaka

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Wanazuoni wanapofundisha mlango wa biashara hawaachi kuitaja hadithi ya rundo la nafaka, aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.). Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina, akaingiza mkono wake ndani ya rundo, na vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali alijitetea kuwa ni mvua iliyoinyeshea. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye.

Zulia lililofumwa kwa mkono linafanana na rundo lile. Uso wake ni mkavu na wa kupendeza. Unyevu wake ni mikono iliyolifuma, na hiyo mnunuzi haioni. Tangu mwaka 1995 yamekuwako sokoni mazulia yenye nembo inayoshuhudia kwamba mtoto hakutumikishwa katika kuyafuma. Je, ushahidi huo una uzito gani katika mizani ya sheria yetu? Hatuwezi kulijibu swali hili kabla ya kuijua historia yake.

UFUNDI NA MAFUNDI WAKE

Ufumaji wa mazulia ulipata heshima kubwa katika miji ya Kiislamu. Zulia mashuhuri la Ardabil, ambalo leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert mjini London, limefumwa ndani yake jina la Maqsud wa Kashan pamoja na mwaka 946 Hijria, sawa na 1539 au 1540 Miladia. Katika karne hiyo hiyo Sultani Akbar wa India aliwaleta mafundi wa Kiajemi, na karakana zikasimama Agra na Lahore. Zulia la aina hiyo lilikuwa na mwenyewe: aliyeliagiza alijulikana, na aliyelisimamia alijulikana.

Hali ilibadilika katika karne ya 19 pale mahitaji ya Ulaya na Marekani yalipokua. Katika miaka ya 1880 kampuni ya Ziegler ya Manchester iliweka kituo chake Sultanabad huko Uajemi, ikawa inatoa sufu na michoro kwa wafumaji wa majumbani na kukusanya mazulia yaliyokwisha. Baina ya mfumaji na mnunuzi wakaingia madalali, wakopeshaji na wasafirishaji. Jina la fundi likatoweka, na pahala pake mara nyingi akaketi mtoto.

Mji wa Kerman ulijulikana kwa uzuri wa mazulia yake na kwa watoto waliopinda migongo kwa kukaa kwenye vitanda vya kufumia. Habari zao zililifikia Shirika la Kazi Duniani (ILO), lililoundwa mwaka 1919, nalo likaiandikia serikali ya Uajemi. Mwezi wa Desemba 1923 liwali wa Kerman na Baluchistan alitoa amri: kazi isizidi saa 8 kwa siku, na wasiajiriwe wavulana walio chini ya miaka 8 wala wasichana walio chini ya miaka 10. Msomaji ataona jinsi umri huo ulivyokuwa mdogo. Kama hilo ndilo lililohesabiwa kuwa ni tengenezo, tukadirie wenyewe hali iliyotangulia.

DENI LILILOFUNGWA KWENYE MWILI WA MTOTO

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 jambo hili lilidhihiri zaidi India, Pakistan na Nepal. Katika ukanda wa Bhadohi na Mirzapur, jimbo la Uttar Pradesh, kitanda cha kufumia husimama ndani ya nyumba ya kijijini. Watoto wengi waliletwa huko kutoka jimbo la Bihar. Walikaa kutwa nzima katika vumbi la sufu na mwanga hafifu, na madhara yake yaliingia kwenye macho, mapafu na uti wa mgongo. Wafanyabiashara walidai kuwa fundo jembamba halifungwi ila na vidole vidogo. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya ILO nchini India katika miaka ya 1990 uliikanusha hoja hiyo: watoto hawakuwa na ustadi kuwashinda watu wazima, na kazi za ubora wa juu aghalabu zilifanywa na watu wazima.

Kilichowafunga watoto hawa ni deni. Pakistan huitwa peshgi, yaani fedha inayotangulizwa. Baba maskini hupokea fedha kwa mwenye kitanda, na mtoto hupelekwa kuifanyia kazi. Chakula chake huongezwa kwenye deni, kosa lake hutozwa faini, na deni halishi. Iqbal Masih, aliyezaliwa mwaka 1983 katika familia maskini ya Kikristo huko Muridke, Punjab, alitolewa akiwa na umri wa miaka kama minne kwa mkopo wa takriban rupia 600. Alitoroka akiwa na miaka kama kumi, akasoma, akasimama kuwasemea wenziwe hadi ng'ambo. Tarehe 16 Aprili 1995 aliuawa kwa risasi, naye hajatimiza miaka kumi na mitatu. Sababu ya kuuawa kwake imebishaniwa hadi leo, ama utumwa aliopitia haubishaniwi.

Tuisimamishe peshgi mbele ya fiqhi. Fedha ile ama ni ujira uliotangulizwa, ama ni mkopo. Ikiwa ni ujira, ijara haisihi mpaka kazi na muda vijulikane, na hapa hakuna ajuaye kazi itakwisha lini. Ikiwa ni mkopo, basi mkopeshaji ameshurutisha manufaa juu yake, na mkopo unaovuta manufaa kwa sharti wanazuoni wameuhesabu kuwa ni riba. Zaidi ya hayo, rehani huwekwa mali, na mtu huru si mali. Hana baba wala babu awezaye kumweka mwanawe rehani. Walii ana haki ya kumwajirisha mtoto kwa maslahi ya mtoto mwenyewe, na mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wakaufunga mkataba huo ndani ya muda usiovuka umri wa baleghe. Ama mdaiwa mwenye dhiki, Qur'ani imeamrisha angojewe mpaka apate nafuu. Haikuamrisha achukuliwe mwanawe.

Pakistan ilipitisha mwaka 1992 sheria ya kuufuta utumwa wa deni. Wenye matanuri ya matofali waliipinga kwa hoja kwamba inakwenda kinyume na Uislamu, na mwaka 2005 Mahakama ya Sharia ya Shirikisho ya nchi hiyo ikayatupa madai yao. Tunalitaja hili kwa sababu wapo waliojaribu kuivisha dhuluma kanzu ya dini, na waliowavua ni mahakimu wa sharia.

MTOTO NA KAZI KATIKA SUNNA

Asidhani mtu kwamba Uislamu umeiharamisha kila kazi ya mtoto. Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwachungia watu wa Makka mbuzi na kondoo, na Anas bin Malik (R.A.) alikuwa kijana mdogo alipoanza kumhudumia. Lakini Anas mwenyewe ameeleza kwamba katika miaka kumi hakuwahi kuambiwa neno la kuudhi, wala kuulizwa kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Kazi ile ilikuwa malezi na elimu, na Anas akatoka humo akiwa miongoni mwa wapokezi wakubwa wa hadithi. Mtoto wa kwenye kitanda cha kufumia ametoka na nini?

Na ipo athari yenye uzito ambayo Imam Malik ameipokea katika Muwatta. Sayyidna Uthman (R.A.) alipokuwa akihutubia aliwakataza watu kumkalifisha mtoto mdogo kutafuta chumo, akatoa na sababu: asipokipata ataiba. Tuzingatie hekima iliyomo. Khalifa hakuishia kwenye katazo, bali aliangalia mtoto ataangukia wapi.

MKONO WA MNUNUZI

Hekima hiyo ilisahauliwa katika tukio la nguo za Bangladesh. Mwaka 1992 Seneta Tom Harkin alipeleka katika Baraza la Seneti la Marekani muswada wa kuzuia bidhaa zilizotengenezwa na watoto. Muswada haukupita, lakini hofu yake ilitosha. Katika mwaka 1993 wenye viwanda vya nguo Bangladesh waliwafukuza watoto kwa maelfu. UNICEF ilikadiria wapatao 50,000. Hawakwenda shule, kwani hazikuwako za kuwapokea wala njaa ya nyumbani haikuondoka. Baadhi yao waliangukia katika kazi mbaya zaidi, zikiwemo za kuponda mawe. Kanuni ya fiqhi husema kuwa madhara huondolewa, na kanuni ndugu yake husema kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake. Iliyotendeka ilikuwa ya kwanza bila ya pili. Tarehe 4 Julai 1995 wenye viwanda, ILO na UNICEF walitia saini makubaliano kwamba mtoto asitolewe kiwandani kabla ya kupatiwa nafasi ya shule, na familia yake isaidiwe kwa posho.

NEMBO YA MWAKA 1994

Wakati huo huo njia nyingine ilikuwa ikijengwa katika mazulia. Kailash Satyarthi, mhandisi wa Kihindi aliyeacha kazi yake mwaka 1980 ili kuwakomboa watoto watumwa, aliona kuwa sheria peke yake haifiki kijijini. Sheria ya India ya 1986 ilikataza watoto kuajiriwa katika ufumaji wa mazulia, lakini iliiacha nje karakana ya familia, na kila mwenye kitanda aliweza kudai kuwa yule ni mtoto wa nduguye. Kwa msaada wa jumuiya za Ujerumani na UNICEF, mpango wa RugMark ulianzishwa mwaka 1994, na mazulia ya kwanza yenye nembo yake yalisafirishwa kutoka India mwanzoni mwa 1995. Nepal ilifuata, na baadaye Afghanistan. Mwaka 2009 jina lilibadilishwa likawa GoodWeave, na mwaka 2014 Satyarthi alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel pamoja na Malala Yousafzai wa Pakistan.

Utaratibu wake ni huu. Msafirishaji huandikisha vitanda vyake vyote vya kufumia na kukubali kukaguliwa bila kupewa taarifa. Zulia hupewa nembo yenye namba, na kwa namba hiyo hurejewa lilikotoka. Wasafirishaji na waagizaji hulipa ada, na sehemu yake huendesha shule na makazi ya watoto waliokombolewa. Mtoto akikutwa hutolewa, kisha hurejeshwa kwa jamaa zake au hupelekwa shule. Hapa ndipo mpango huu ulipoafikiana na hekima ya Sayyidna Uthman, wajue au wasijue waasisi wake.

HUKUMU YA MIZANI

Walikuwako wafanyabiashara waliosema kuwa harakati hizi ni njama ya kuziharibia nchi zao soko. Sisi tunasema: hisba si desturi ya kigeni. Imam Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, amemuwajibisha muhtasibu kuwazuia mabwana wasiwatwishe watumwa wao, wala wanyama wao, kazi wasiyoiweza. Ibn Khaldun naye ametaja kuwa muhtasibu huwazuia walimu wanaopindukia katika kuwapiga watoto. Ikiwa mnyama ana wa kumsemea sokoni, mtoto wa Adamu ana haki zaidi. Na ikiwa mtoto huyo si Mwislamu, tukumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) ameahidi kuwa yeye ndiye atakayesimama Siku ya Kiyama dhidi ya anayemdhulumu mwenye ahadi.

Muhtasibu wa zamani alikuwa na mkono wa dola, na soko lake lilikuwa ndani ya kuta za mji. Soko la leo halina kuta. Zulia hufumwa kijijini Bhadohi na kutandikwa Hamburg, na hakuna liwali mmoja mwenye mamlaka ya pande zote mbili. Kwa hivyo nembo ni jaribio la kuijaza nafasi iliyoachwa wazi, nayo tunaiona kuwa ni katika kusaidiana kwenye wema.

Lakini nembo ni shahada, na shahada ina masharti. Shahidi lazima awe ameona, na anayelipwa na anayemshuhudilia ni shahidi wa kuangaliwa. Vitanda vya kufumia vimetawanyika vijijini, na ukaguzi wa leo hautoi dhamana ya kesho. Kwa hiyo nembo ni dalili yenye nguvu, haifiki kuwa yakini. Tena hukataza mkono wa mtoto, na haimtoshelezi baba yake. Palipo na ujira duni wa mtu mzima, peshgi hurudi kwa mlango mwingine. Katika hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari, mmoja wa watatu ambao Mwenyezi Mungu (S.W.) atakuwa khasimu wao ni yule aliyemwajiri mtu, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Mzizi wa jambo uko hapa.

Kwa makadirio ya ILO na UNICEF, watoto waliokuwa katika utumikishwaji mwaka 2000 walikuwa milioni 246. Mwaka 2024 walikuwa takriban milioni 138. Idadi imepungua, na iliyobaki ni kubwa.

Ndugu msomaji, mwenye kununua zulia la mkono kwa ajili ya nyumba yake, au kwa ajili ya msikiti, anajuzu kununua asichokijua, kwani asili ya vitu ni halali. Lakini akiwa na njia ya kujua, kisha akaiacha kwa sababu bei ya kutojua ni nafuu, huyo ameuona unyevu akaufunika. Na aulize muuzaji: limefumwa wapi, na nani, kwa ujira gani? Muuzaji akizoea kuulizwa naye atamuuliza dalali, na swali litasafiri hadi kijijini. Paji la uso linalosujudu juu ya zulia lina haki ya kujua lilikogusa.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.