Sindano Moja kwa Watu Watano: Homa ya Manjano katika Nchi Jirani

Askari wa Tanzania aliyepata kuvuka mpaka kwenda kulinda amani mashariki ya Kongo anaijua kadi ya manjano. Ina jina, tarehe na muhuri, nayo inathibitisha kwamba mwenyewe amechanjwa homa ya manjano, maradhi yaletwayo na mbu, ambayo hadi leo hayana dawa ya kuyaponya. Askari hupangiwa chanjo hiyo na jeshi lake. Mazungumzo yetu ya leo yanamhusu mtu mzima asiye na gwanda wala pasi ya kusafiria, na sababu zilizofanya kinga hiyo ichelewe mno kumfikia katika nchi jirani.

Chanjo yenyewe ina asili ya Afrika. Mwaka 1927, huko Gold Coast, ambayo ndiyo Ghana ya leo, wataalamu walichukua damu ya mgonjwa mmoja aitwaye Asibi. Asibi alipona. Virusi vya damu yake vilipelekwa ng'ambo, na huko New York Max Theiler, mzaliwa wa Pretoria, pamoja na wenzake, wakavilea katika maabara hata vikapoteza ukali. Mwaka 1937 chanjo ikapatikana, na mwaka 1951 Theiler akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Chanjo za homa ya manjano zitumikazo leo zote ni uzao wa damu ile ya Asibi.

Majirani zetu wa Uganda nao walikuwa na sehemu yao. Mwaka 1936 kulifunguliwa Entebbe taasisi ya kuchunguza maradhi haya, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda. Watafiti wake walikwenda katika msitu wa Bwamba, magharibi ya nchi, wakajenga majukwaa juu ya miti na kukesha huko wakikamata mbu. Waligundua kwamba ugonjwa huishi baina ya nyani na mbu wa vilele vya miti. Nyani wanaposhuka kuiba ndizi shambani, mbu wengine wazaliwao katika maji ya makwapa ya migomba huwauma, kisha humwambukiza mkulima. Kwa hiyo mtu mzima aendaye shambani au msituni, pamoja na askari wa doria, yumo hatarini kama mtoto, na pengine kumzidi.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuchanjwa kwa wingi walikuwa wanajeshi wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Hapana budi kusema pia lililowapata. Mwaka 1942 wapatao 50,000 waliugua manjano ya ini, kwa kuwa chanjo yao ilichanganywa na majimaji ya damu ya binadamu yenye virusi vya homa ya ini. Majimaji hayo yakaondolewa, na kosa hilo halikurudiwa. Tangu hapo chanjo hii imekuwa miongoni mwa kinga madhubuti zijulikanazo, na dozi moja hutosha kwa maisha. Hata Shirika la Afya Ulimwenguni liliondoa sharti la kuchanjwa upya kila baada ya miaka 10. Kuanzia Julai 11, 2016, kadi hudumu maisha ya mwenyewe.

Basi kikwazo kilikuwa nini? Huko Marekani msafiri hutozwa zaidi ya dola 100 kwa chanjo hii. Ikinunuliwa kwa mkupuo na UNICEF kwa ajili ya nchi zetu, dozi huwa kama dola moja na ushee. Bei hiyo inabebeka. Lakini chanjo hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, kazi ichukuayo miezi mingi, na mwaka 2016 viwanda vilivyoidhinishwa kuyauzia mashirika ya Umoja wa Mataifa vilikuwa 4 tu duniani: Ufaransa, Urusi, Brazil, na kimoja barani Afrika, yaani Taasisi ya Pasteur ya Dakar. Kichache kilichopatikana kilikwenda kwa watoto. Kongo iliingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2003. Aliyekwisha kuzaliwa kabla ya hapo aliachwa nje.

Pengo hilo lilidhihirika Desemba 2015, ugonjwa ulipozuka Viana, pembezoni mwa Luanda. Angola ilikuwa na sheria ya kumtaka kila mgeni aonyeshe kadi, na bado wafanyakazi 11 wa Kichina waliurudisha ugonjwa kwao, nchi ambayo haikuwa imepata kuuona. Askari wa mipakani wanaelewa maana yake: kukagua karatasi si kukagua kinga. Wagonjwa wawili walifika Kenya. Wengine wakavuka kuingia Kongo, hata Kinshasa, jiji la watu zaidi ya milioni 10. Akiba ya dharura ya dunia nzima ilikuwa dozi milioni 6.

Hapo ndipo likaamuliwa jambo ambalo halijapata kufanywa kwa kiasi hicho. Kuanzia Agosti 17, 2016, kila mkazi wa Kinshasa aliyetimiza miaka 2, isipokuwa wajawazito, alipewa sehemu moja ya tano ya dozi. Kichupa cha watu 10 kikachanja watu 50. Iliwezekana kwa sababu dozi kamili kwa kawaida huwa na virusi vingi kupita kiwango cha chini kinachotakiwa. Kwa siku 10 hivi walichanjwa watu zaidi ya milioni 7. Watafiti walipopima damu za waliokuwa hawana kinga kabla, mwezi mmoja baadaye asilimia 98 walikuwa nayo. Februari 14, 2017, Kongo ikatangaza kwamba mlipuko umekwisha.

Hata hivyo, sehemu ya tano haikubaliwi katika kadi ya kimataifa. Mwananchi wa Kinshasa alikingwa ndani ya nchi yake, lakini akitaka kusafiri sharti apate dozi kamili. Sisi hatuoni kwamba hilo lapasa kulaumiwa. Lilikuwa jambo la dharura. Linalopasa kulaumiwa ni kusubiri dharura, na kuiachia dunia nzima viwanda vinne.

Uganda imechukua njia nyingine. Mwaka 2022 iliingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto, kisha ikaanza kuwarudia walioachwa nyuma. Katika kampeni ya mwaka 2024 walioitwa vituoni ni wote kuanzia umri wa mwaka 1 hadi miaka 60, kwa dozi kamili, bila malipo.