Gari Katika Picha ya Uhuru

Wengi wetu tuliokulia Magomeni, Kinondoni au Temeke tunazo nyumbani picha za aina moja: wazazi wamevaa nguo zao nzuri, wamesimama kando ya gari ambalo halikuwa lao. Lilikuwa la mgeni, au la jirani mwenye kazi ya maana. Watu waliomo tunawakumbuka, gari hatulijali. Hata hivyo gari lina jambo moja la kumfaa mtafuta historia, nalo ni kwamba mwaka lilipoanza kutengenezwa unajulikana.

Kwetu iko picha ya namna hiyo, iliyopigwa Magomeni. Baba ameegemea nyuma ya gari, na mama amebeba mtoto mchanga. Siku zote mama amesema kwamba ilipigwa siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba, 1961, na kwamba mtoto yule ni kaka yangu, aliyefariki wakati wa masika ya 1962. Marehemu hana picha nyingine.

Gari lile tukiliita Anglia. Nilipompelekea picha fundi mmoja mzee wa Gerezani, alitikisa kichwa. Ford Anglia ya miaka ile, alisema, kioo chake cha nyuma kimeinamia ndani, yaani juu kimetokeza kuliko chini. Hiki kimelala kama vya magari mengine. Kisha akaweka kidole kwenye taa za nyuma: ni za mviringo, na kila moja imegawanyika mafungu matatu. Hiyo ni Ford Cortina ya toleo la kwanza, ndugu wa ile iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1964.

Cortina ilianza kuuzwa Uingereza mwezi Septemba, 1962. Gari haliwezi kutuambia picha ilipigwa siku gani, maana gari likitunzwa huishi miaka mingi. Latuambia tu kwamba si kabla ya hapo. Lakini hilo latosha. Kaka alikuwa amekwisha zikwa, na wazazi wangu walijaliwa watoto wawili tu. Mtoto aliye mikononi mwa mama ni mimi.

Simwiti mama mwongo. Tarehe 9 Desemba ilirudi na shangwe zake mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, na Aprili 1964 ukaja Muungano. Bendera na ngoma za siku zile huchanganyika katika kumbukumbu. Na mzazi aliyezika mtoto bila picha hutafuta mahali pa kuiweka sura yake.

Nyuma ya picha nimeandika kwa penseli: Ford Cortina, si kabla ya Septemba 1962. Wajukuu watakaojua kuhesabu wataelewa. Mama, ambaye sasa amepita miaka themanini, sijamwambia. Akiitazama humwona mwanawe, na kweli ni mwanawe.