Risasi za Moshi na mzinga wa mbao Kigoma

Mwaka 1916 meli ya kivita ya Wajerumani, Graf von Goetzen, iliyokuwa ikitawala Ziwa Tanganyika kutoka bandari ya Kigoma, ilipoteza mzinga wake mkubwa bila kupigwa na adui. Mzinga huo wa milimita 105 ulitolewa kwa amri ya kamanda wa majeshi ya Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, ukapelekwa kwenye mapigano mengine. Mahali pake pakawekwa mzinga wa mbao, ili Wabelgiji wa ng'ambo ya ziwa wasitambue.

Tukio hilo, ambalo wakazi wa Mwanga, Kigoma mjini na Ujiji wanaweza kulihusisha na meli waliyoizoea kwa jina la Liemba, lilitokana na tatizo moja lililoikabili koloni nzima: silaha na risasi hazikutosha, na njia ya bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Uingereza.

Awali askari wengi walikuwa na bunduki za mwaka 1871 zilizotumia baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali askari alipojificha. Ushindi wa Tanga wa Novemba 1914 uliwapatia Wajerumani risasi zipatazo 600,000 zilizotekwa kwa Waingereza, lakini vita ilikuwa bado changa.

Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyosafiri kutoka Ujerumani ikijifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilifika pwani ya Tanga ikiwa na bunduki na mamilioni ya risasi. Manowari ya Uingereza, Hyacinth, iliikuta na kuishambulia katika ghuba ya Manza. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliizamisha kwenye maji mafupi, nayo ikaendelea kuwaka moto juu. Waingereza wakaondoka wakiamini shehena yote imeteketea. Wazamiaji wakaja baadaye na kuiopoa sehemu kubwa, ikiwa imelowa maji ya chumvi.

Kuelewa kilichofuata kunahitaji kujua jinsi risasi ya bunduki ilivyoundwa. Ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki ndogo iliyopachikwa kwenye kitako cha ganda, baruti ndani yake, na kichwa kinachoziba mdomo wa ganda. Sindano ya bunduki ikigonga fataki, cheche huwasha baruti, gesi hutanuka na kukisukuma kichwa kupitia mtutu. (Kiswahili huliita tone hilo la madini kwa jina la madini yenyewe, neno risasi, lenye asili ya Kiarabu, ni metali nzito laini iliyotumika kutengenezea vichwa hivyo tangu zamani.)

Maji ya chumvi hupenya taratibu. Risasi iliyoonekana nzima siku ilipoopolewa iliweza kuharibika wiki kadhaa baadaye, kwa kuwa unyevu ulikuwa umekwishaingia kwenye baruti na fataki. Kuzianika juani kusingesaidia. Ilibidi kila moja ifunguliwe.

Kazi hiyo ilifanyika Moshi, uliojulikana wakati huo kama Neu-Moschi. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Lettow-Vorbeck mwenyewe, kwa miezi mingi askari, wapagazi na mtu yeyote aliyeweza kupatikana walikaa kutwa nzima wakifungua risasi, wakisafisha baruti na kuzijaza upya. Fataki zilizoharibika zilibadilishwa kwa nyingine zilizokuwamo nchini, ingawa zilikuwa za aina tofauti.

Wale hawakuwa mafundi wa silaha. Mpagazi aliyezoea kubeba mzigo kichwani alipewa kazi ambayo kiwandani hufanywa kwa mashine na vipimo, tena ya kushika fataki, kitu kinacholipuka kwa kugongwa tu.

Baada ya kujazwa, risasi zilijaribiwa kwa mafungu. Fungu ambalo takriban asilimia 20 ya risasi zake zilikataa kulipuka lilihesabiwa kuwa linafaa kwa vita. Lililozidi hapo lilitumika kwa mazoezi ya shabaha. Risasi nzima za zamani ziliwekwa akiba kwa ajili ya bombomu. Bunduki ya Mauser hubeba risasi tano. Kwa kiwango hicho, askari aliyekuwa mstari wa mbele alitarajia wastani wa risasi moja kukataa katika kila tano. Kwa jeshi lolote la leo hicho ni kiwango cha kutisha, lakini mwaka 1915 hakukuwa na risasi nyingine.

Risasi inayokataa kabisa si hatari kuliko zote. Ipo inayochelewa: mpigaji husikia kishindo kidogo cha sindano, hufungua bunduki haraka, nayo hulipuka nje ya chemba. Mbaya zaidi ni ile yenye baruti kidogo mno au baruti mbovu. Kichwa hutoka kwenye ganda na kukwama katikati ya mtutu. Mpigaji asipotambua akapiga ya pili, mtutu unaweza kupasuka karibu na uso wake. Baruti iliyozidi kipimo nayo huleta shinikizo ambalo chuma hakiwezi kulihimili.

Hatari hizo hazijabadilika kwa wapiga shabaha wa nchi zinazoruhusu watu kujaza risasi zao nyumbani. Kilichoongezeka ni aina za vichwa. Vipo vinavyosagika, ambavyo hutengenezwa kwa unga wa metali, mara nyingi shaba nyekundu na bati, ulioshindiliwa hadi ukashikamana. Vikigonga bamba la chuma husagika kuwa vipande vidogo badala ya kurudi kwa mpigaji, na visivyo na madini ya risasi hupunguza vumbi lenye sumu katika viwanja vya ndani. Kwa mwili wa binadamu vinaua kama vingine.

Uzito ndio unaowapotosha wajazaji. Unga huo ni mwepesi kuliko madini ya risasi, hivyo kichwa chenye uzito uleule huwa kirefu zaidi, huingia ndani ya ganda na kupunguza nafasi ya baruti. Kipimo kilichokuwa salama kwa kichwa cha kawaida chaweza kuzidi. Aidha, kichwa hicho hupata ufa kikibanwa kwa nguvu mdomoni mwa ganda, na chenye ufa huweza kuvunjika kabla ya kutoka mtutuni. Watengenezaji hutoa jedwali la vipimo kwa kila kichwa, na kuazima vipimo vya kichwa kingine ni kosa.

Nchini Tanzania, utengenezaji wa silaha na risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Tanzania pia ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu udhibiti wa silaha ndogo katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, suala lenye uzito wa pekee Kigoma, mkoa unaopakana na Burundi na kutazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa.

Goetzen yenyewe ilizamishwa na Wajerumani Julai 1916, siku chache kabla Wabelgiji hawajaingia Kigoma, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Risasi za enzi hizo, kama za vita vyovyote, haziwi salama kwa sababu ya kutu. Anayeziokota shambani au ufukweni hapaswi kuzifungua, kuzianika wala kuzitupa motoni. Aziache zilipo, aweke alama na kutoa taarifa polisi.